Enka Imevimba, Mbona Daktari Hakunipiga Picha?

Maswali ya safari hii yote yanahusu enka na picha zake za eksirei. Tumeyapanga kama yalivyotufikia, ila la mwisho tumelichelewesha kwa makusudi kwa sababu linahitaji nafasi.

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Jumatatu nilishuka kwenye daladala Mbagala Rangi Tatu kabla haijasimama, mguu wa kulia ukapinda kwa ndani. Enka ikavimba kama embe. Hospitali daktari alinibonyeza hapa na pale, akanitembeza mle chumbani, kisha akaniandikia dawa za maumivu na bandeji. Picha hakuna. Nyumbani wananiambia nimepunjwa, nirudi nikadai eksirei. Nifanyeje?
*Msomaji, Mbagala*

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Hukupunjwa. Kule kubonyezwa na kutembezwa ndicho kipimo chenyewe, na kina jina: kanuni za Ottawa. Zimeitwa hivyo kwa mji wa Ottawa, Kanada, ambako daktari Ian Stiell na wenzake walizitunga na kuzichapisha mwaka 1992. Walichoka kuona kila aliyeteguka anapelekwa chumba cha eksirei, foleni inakuwa ndefu, na picha nyingi zinarudi hazina kitu. Katika watu 100 wanaofika hospitali wameumia enka, wenye mfupa uliovunjika kwa kawaida hawafiki 15.

Enka ina vinundu viwili vya mfupa, cha nje na cha ndani. Daktari anapapasa ukingo wa nyuma wa kila kinundu, kuanzia sentimita 6 juu ya ncha yake, akishuka taratibu mpaka kwenye ncha yenyewe. Sentimita 6 ni zaidi kidogo ya upana wa vidole vitatu. Kwa nini ukingo wa nyuma? Kwa sababu mbele na chini ya kinundu cha nje ndipo inapopita ligamenti (kifungo kinachounganisha mfupa na mfupa) inayochanika mara nyingi zaidi mguu unapopinda kwa ndani. Hapo kila aliyeteguka anaruka akiguswa, avunjike asivunjike. Nyuma ya kinundu mkono unagusa mfupa wenyewe, kwa hiyo maumivu ya hapo yana habari ya kweli.

Kisha anataka kujua mambo mawili: je, pale ulipoumia tu uliweza kukanyagia mguu? Na sasa, mbele yake, unaweza kupiga hatua nne? Kuchechemea kunaruhusiwa, mradi uzito unahama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Unapelekwa kupigwa picha ya enka kama maumivu yako kwenye eneo la vinundu hivyo na mojawapo ya haya likatokea: mfupa unauma ukibonyezwa kwa nyuma au kwenye ncha, nje au ndani, au ulishindwa kukanyagia mara zote mbili, pale barabarani na tena hospitali. Daktari makini hugusa pia sehemu mbili za chini zaidi: mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa mguu, kwenye mzizi wa kidole kidogo, na mfupa wa upande wa ndani juu ya upinde wa unyayo. Maumivu yakiwa huko, picha inayotakiwa ni ya mguu wenyewe, siyo ya enka.

Utaona hatujataja uvimbe. Uvimbe haumo katika kanuni, na hili ndilo linalowasumbua watu wa nyumbani. Ligamenti ikichanika, mishipa midogo ya damu hupasuka na enka hujaa kwa muda mfupi huku mifupa ikiwa mizima kabisa. Na kuna mfupa wenye ufa ambao enka yake haikuvimba kiasi cha kumtisha mtu.

Kanuni hizi zimejaribiwa sana. Mapitio ya mwaka 2003 yaliyokusanya tafiti 27 zenye wagonjwa zaidi ya 15,000 yalionesha kwamba waliovunjika kisha kipimo kikawakosa walikuwa chini ya mmoja katika kila 100. Lakini zina watu wake. Haziaminiki kwa mtu aliyelewa, kwa mwenye jeraha jingine kubwa linalomfanya asisikie mguu, kwa mwenye ganzi miguuni, kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza panapouma, wala pale uvimbe unapokuwa mkubwa hadi mfupa haupapasiki. Hao hupigwa picha tu.

Nyumbani inua mguu juu ya usawa wa moyo ukiwa umelala. Barafu za mfuko za dukani zinatosha: funga kwenye kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa 2 au 3 kwa siku mbili tatu za mwanzo. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, itaiunguza. Bandeji ianzie kwenye vidole kupanda juu, na vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, ilegeze. Maji ya moto na kuchuliwa achana navyo siku hizo. Kuchua enka mbichi kunaongeza damu inayovuja ndani, na kama kuna mfupa uliopasuka bila kuhama, mkono wa mchuaji unaweza kuuhamisha. Tunawaheshimu wazee wetu wanaochua, lakini hapa tunawaomba wasubiri.

Zikipita siku 5 hadi 7 na bado hukanyagi, au maumivu yamehamia kwenye mfupa, rudi. Hapo kuomba picha ni haki yako.

SWALI: Shikamooni. Mama yangu aliteleza kwenye ngazi Kariakoo. Daktari kaandika picha tatu za enka moja, na kila moja inalipiwa. Je, moja haitoshi?
*Binti, Ilala*

JIBU: Marahaba, mwanetu. Mpe mama pole. Moja haitoshi, na sababu ni umbo la enka. Mfupa mkubwa wa muundi na ule mwembamba wa pembeni, fibula, vinashuka na kuubana mfupa wa talasi kati yao, kama jiliwa la fundi seremala linavyobana ubao. Picha ya eksirei ni kivuli. Ukitazama kivuli kutoka upande mmoja, mifupa inalaliana na ufa unajificha.

Picha ya kwanza hupigwa kutoka mbele, vidole vikitazama juu. Ya pili, mguu wote unazungushwa kwa ndani nyuzi 15 hadi 20, ili vinundu viwili vilingane umbali kutoka kwenye bamba la picha. Hii ndiyo inayoonesha nafasi nyeusi inayoizunguka talasi, na nafasi hiyo inatakiwa iwe sawa pande zote, kama mstari uliochorwa kwa mkono mmoja. Ikiwa pana upande mmoja, jiliwa limefunguka. Ya tatu ni ya ubavuni. Huonesha kisigino, nyuma ya mfupa wa muundi na, ikipigwa vizuri, ule mfupa wa mzizi wa kidole kidogo ambao mara nyingi ndio uliovunjika huku kila mtu akitazama enka.

Picha huharibika kwa mambo madogo. Kosa la kawaida ni kuzungusha wayo peke yake badala ya mguu wote kuanzia goti: mgonjwa anaumia, anageuza vidole tu, na picha ya pili inatoka sawasawa na ya kwanza. Mama akiambiwa azungushe, ageuze paja na goti. Avue soksi, kikuku na bandeji yenye pini. Kama amepakwa udongo au dawa ya kienyeji, aoshwe kwanza, kwa sababu madini ya udongo hutokea kwenye picha kama madoa meupe na msomaji wa picha anaweza kudhani ni vipande vya mfupa. Hogo, yaani plasta ngumu ya P.O.P., pia huficha: mfupa ukipigwa picha ndani yake, ufa mwembamba hauonekani vizuri. Kwa hiyo picha kwanza, hogo baadaye.

Mwombe daktari pia abonyeze fibula yote mpaka karibu na goti. Enka inaposokotwa kwa nguvu, mfupa huo huweza kuvunjikia juu kabisa, mbali na panapouma, na picha za enka peke yake hazifiki huko. Akiruka anapobonyezwa hapo, aongezewe picha ya mguu mzima kuanzia goti.

Jambo moja la dharura: enka ikiwa imepinda wazi wazi, ngozi imevutwa hadi inang'aa au kuwa nyeupe, vidole ni vya baridi au vimekufa ganzi, usianzie kwenye foleni ya eksirei. Mpeleke moja kwa moja mapokezi ya dharura ili mguu unyooshwe kwanza. Ngozi iliyovutwa hivyo hufa kwa saa chache, na picha itapigwa baada ya kunyooshwa.

SWALI: Niliteguka uwanjani Tandale wiki 6 zilizopita. Picha ilisema hakuna mfupa uliovunjika. Mpaka leo nikikimbia panachoma kwa ndani, na wakati mwingine enka inakwama. Je, picha ilidanganya?
*Beki wa kushoto*

JIBU: Haikudanganya; ilijibu swali moja tu. Eksirei inaona mfupa kwa sababu madini yake huzuia mionzi. Ligamenti, kano na gegedu (tishu laini kama ya sikio) huipitisha karibu yote, kwa hiyo ligamenti inaweza kuwa imekatika vipande viwili na picha ikabaki safi. Maneno "hakuna mfupa uliovunjika" hayana maana ya "hujaumia", na wachezaji wengi wa mchangani wanarudi uwanjani siku ya tatu kwa kuyasoma hivyo.

Maelezo yako ya kuchoma ndani na kukwama yanatufanya tufikirie uso wa juu wa talasi. Enka inapopinda, mfupa huo hujigonga kwenye mfupa wa muundi, na kipande cha gegedu pamoja na ganda dogo la mfupa hubanduka. Picha ya siku ya kwanza mara nyingi hailioni. Nenda na ile picha ya zamani, umwambie daktari neno hilo hilo, "inakwama". Ataomba eksirei mpya na, kama ipo haja, MRI au CT, vipimo vya picha vinavyoona zaidi ya eksirei.

Kama daktari hakuti kitu hicho, basi tatizo huenda ni enka iliyolegea. Dawa yake ni mazoezi, siyo bandeji ya kudumu. Simama kwa mguu huo mmoja sekunde 30, ukiwa karibu na ukuta. Ukiweza bila kuyumba, fumba macho. Kisha simama juu ya godoro au mto. Kila siku, kwa wiki 6 au zaidi. Ligamenti iliyochanika hupoteza ile hisia inayouambia mguu upo wapi, na mchezaji asiyeirudisha huteguka tena mahali pale pale.

SWALI: Nilianguka na bodaboda Ubungo. Karatasi ya majibu imeandikwa "Weber B". Nimefungwa bandeji ngumu, lakini daktari anataka nirudi baada ya wiki moja nipigwe picha nyingine nikiwa *nimesimama* juu ya mguu uliovunjika! Hili limenitisha.
*Msomaji, Kimara*

JIBU: Tunaelewa hofu yako, ila daktari wako anafanya kazi nzuri. Weber ni mgawanyo wa kuvunjika kwa fibula. A ni chini ya usawa wa kiungo, B ni kwenye usawa wa kiungo, C ni juu yake. A kwa kawaida imetulia. C mara nyingi huwa imechana vifungo vinavyoshikilia mifupa miwili, na wengi wake hufanyiwa upasuaji. B ndiyo yenye utata: picha mbili zinazofanana kabisa, mmoja anahitaji chuma na skrubu, mwingine anapona kwa kiatu maalumu tu.

Kinachowatofautisha ni ligamenti ya upande wa ndani, ambayo kama tulivyosema haionekani. Hivyo inapimwa kwa hila. Ukisimama, uzito wako unaijaribu talasi. Ligamenti ikiwa nzima, talasi inakaa mahali pake. Ikiwa imekatika, talasi inateleza kwenda nje na ile nafasi nyeusi ya upande wa ndani inapanuka. Ikizidi milimita 4, madaktari wanaingiwa na wasiwasi, hasa ikiwa pana kuliko nafasi ya juu ya talasi.

Milimita zinaonekana ndogo. Utafiti maarufu wa mwaka 1976 uliofanywa kwa miguu ya maiti ulikuta kwamba talasi ikihama milimita 1 tu kwenda nje, eneo ambalo mifupa inagusana linapungua kwa asilimia 42. Tafiti za baadaye zilipata punguzo dogo zaidi ya hilo, lakini hoja ilibaki: uzito ule ule ukibebwa na eneo dogo, gegedu inalika na enka inazeeka mapema.

Wiki moja inasubiriwa ili maumivu yapungue uweze kukanyagia kweli. Ukisimama huku uzito wote umeuegemeza mguu usioumia, kipimo hakina maana na jibu linaweza kutoka zuri la uongo. Kunywa dawa ya maumivu kama saa moja kabla, nenda na magongo, na mwambie mpiga picha ukweli kama umeshindwa kukanyagia. Ukionekana unahitaji upasuaji, kesi za aina hii ndizo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inazozipokea kwa rufaa. Nenda na filamu zenyewe au CD. Picha ya simu iliyopigwa filamu ikiwa dirishani haitoshi kupima milimita.

SWALI: Mwanangu ana miaka 11. Kwenye picha nimeona mstari mweusi umekata mfupa juu kidogo ya kinundu. Daktari anasema ni kawaida, halafu bado kamfunga hogo. Nimwelewe vipi?
*Mama, Kigamboni*

JIBU: Mama, yote mawili ni kweli. Mfupa wa mtoto hurefuka kutoka kwenye tabaka la gegedu lililo karibu na ncha yake. Gegedu haionekani kwenye eksirei, kwa hiyo tabaka hilo linatokea kama mstari mweusi. Kila mtoto wa umri huo anao, miguu yote miwili. Pale enka, tabaka hilo huziba karibu na miaka 14 kwa wasichana na 16 kwa wavulana.

Tatizo ni kwamba hapo ndipo pia mfupa wa mtoto ni dhaifu, wakati mwingine kuliko ligamenti zake. Likipata ufa bila kuhama, picha haibadiliki. Daktari hutegemea kidole: akibonyeza juu ya mstari huo na mtoto akaumia, anamlinda kwa hogo au kiatu kwa wiki chache, kisha anampima tena. Mwanao hajafungwa kwa kubahatisha.

Kwenye mzizi wa kidole kidogo pia watoto wana kipande cha mfupa kinachokua peke yake. Mstari unaokwenda sambamba na urefu wa mfupa ndio wa ukuaji. Unaoukata mfupa kwa upana ndio uliovunjika.

SWALI: Nina mimba ya miezi 4 na nimeumia enka. Naogopa mionzi.
*Mjamzito, Sinza*

JIBU: Hongera, dada, na pole. Pigwa picha kama daktari ameona inahitajika. Dozi ya eksirei ya enka ni kama milisiveti 0.001 (milisiveti ni kipimo cha mionzi). Binadamu hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, kwa hiyo picha moja ni sawa na saa chache za maisha ya kawaida. Enka iko mbali na tumbo, na mionzi hiyo inaelekezwa mguuni tu; inayomfikia mtoto ni kidogo mno. Mtaje mpiga picha kwamba una mimba ili abane eneo la mionzi vizuri. Nchini, mashine hizi zinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

SWALI: Baba yangu ana kisukari miaka 15. Wiki mbili sasa enka na mguu wa kushoto vimevimba, vyekundu, vya moto, lakini hasikii maumivu na anatembea kwenda dukani kila siku. Picha imesema mifupa ni mizima. Tumepewa dawa za kuua vijidudu, hakuna mabadiliko.
*Mwana, Temeke*

JIBU: Ndugu yetu, barua yako ndiyo iliyotufanya tukae na safu hii kwa uzito. Mguu wa kisukari uliovimba, wenye moto, usio na kidonda wala maumivu makubwa, unatakiwa udhaniwe ni mguu wa Charcot mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Neva zimekufa ganzi, kwa hiyo baba anakanyagia mifupa inayolainika na kupasuka bila kusikia. Kile kipimo cha hatua nne tulichokieleza mwanzo hakimhusu hata kidogo: atatembea hatua 400 juu ya enka iliyovunjika.

Picha kuwa safi mwanzoni ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, na halimaanishi yuko salama. Mabadiliko huonekana kwenye eksirei baada ya wiki kadhaa, na yakionekana mifupa imeshaanza kusambaratika na upinde wa unyayo kuporomoka. MRI huona mapema zaidi.

Jaribu jambo moja leo. Baba alale, inua mguu wake juu kwa dakika 10. Wekundu ukififia, Charcot inazidi kushukiwa. Ukibaki vile vile, maambukizi yanawezekana zaidi. Gusa miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono. Ule mbaya ukiwa na joto la wazi kuliko mwenzake, mwambie daktari. Majibu haya hayachukui nafasi ya hospitali. Akipata homa, kidonda au sukari ikipanda ghafla, ni usiku huo huo.

Tiba yake ni kuutoa mguu kwenye uzito: hogo maalumu linaloushika mguu wote, linalobadilishwa mara kwa mara kadiri uvimbe unavyopungua, kwa miezi kadhaa, huku eksirei zikirudiwa kufuatilia mifupa. Asiache dawa zake za sukari, wala zile za vijidudu mpaka daktari aseme. Mpelekeni kesho asubuhi kwenye kliniki ya kisukari au ya mifupa, mkiwa na picha ile ya kwanza, na mtaje neno Charcot mkifika. Asitembee mpaka kituo cha daladala. Iteni bajaji ije mlangoni, na pale hospitali ombeni kiti cha magurudumu.